Namna ya kupima tofauti ya kipato ndani ya nchi, kwa mfano wa takwimu za kaya za Tanzania

Mwaka 2018 Tanzania Bara ilikuwa na kipimo cha Gini (ambapo sifuri ni usawa kamili na moja ni mtu mmoja kuwa na chote) cha 0.38 kwa hesabu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), na katika majedwali ya Benki ya Dunia nchi hiyo hiyo, kwa mwaka huo huo, ina 0.405. Tarakimu zote mbili zimetokana na utafiti mmoja, yaani Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, na haina maana kwamba upande mmoja umekosea kujumlisha. Tofauti moja iliyo wazi ni kwamba Benki ya Dunia hugawa matumizi ya kaya kwa idadi ya vichwa vilivyomo, ilhali NBS hugawa kwa kuzingatia umri na jinsia ya wanakaya, kwa kuwa mtoto mchanga hali chakula kingi kama baba yake. Uamuzi mmoja wa namna hiyo, unaofanywa kabla hata ya kufungua lahajedwali, unatosha kuisogeza nchi nzima katika orodha ya dunia.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari, ofisa mipango wa halmashauri na mwananchi yeyote anayetaka kupima mwenyewe, au walau kujua jinsi tarakimu anayosomewa ilivyopatikana. Nitakaa zaidi kwenye maamuzi ya mwanzo kuliko kwenye kanuni za hesabu. Kanuni mtu aliyemaliza kidato cha nne atazielewa kwa jioni moja, lakini maamuzi yakifanywa ovyo hakuna kanuni itakayoyaokoa, na wanaopotea katika takwimu mbovu mara nyingi ni wale wale ambao tofauti ya kipato inawaumiza.

Amua unapima kitu gani

Kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: kipato, matumizi na mali. Kipato ni kile kinachoingia katika kipindi fulani: mshahara, faida ya biashara, mazao yaliyouzwa pamoja na yaliyoliwa nyumbani, kodi ya nyumba, pensheni, na fedha zinazotumwa na ndugu walio mjini au ughaibuni. Matumizi ni kile ambacho kaya imekitumia kuishi. Mali ni akiba, ardhi, nyumba na mifugo iliyokwisha kukusanywa kwa miaka au kwa vizazi. Mali hugawanyika kwa tofauti kubwa zaidi kuliko kipato, kwa hiyo mtu akikutajia kiasi cha utajiri kilicho mikononi mwa wachache, usiilinganishe tarakimu hiyo na Gini ya kipato.

Katika nchi ambako wafanyakazi wengi wana hati za mishahara, kipato hupimika kwa urahisi kiasi. Kwetu hali ni nyingine. Mkulima wa korosho wa Mtwara hupata fedha zake katika miezi michache ya msimu, na ukimuuliza mwezi Mei alipata kiasi gani mwezi uliopita, jibu lake la kweli linaweza kuwa sifuri. Mama lishe hana mkoba mmoja wa biashara na mwingine wa nyumbani. Unga ule ule unapika ugali wa wateja na wa watoto wake. Dereva wa bodaboda anajua hesabu anayompelekea mwenye pikipiki kila siku, lakini hajui faida yake ya mwezi mpaka akae chini ajumlishe mafuta, matairi na faini. Kwa sababu hizo tafiti za Tanzania, kama zilivyo nyingi barani Afrika, hukadiria hali ya kaya kupitia matumizi, kwa kuwa matumizi hayapandi na kushuka kwa kasi ya kipato na mhojiwa huyakumbuka vizuri zaidi.

Uamuzi huo una gharama, na ni lazima uitaje kila unapotoa tarakimu. Mwenye kipato kikubwa hali chote anachopata; sehemu huiweka benki, huinunulia viwanja, huiongeza kwenye biashara. Mwenye kipato kidogo hula chote na wakati mwingine hukopa dukani ili mwezi uishe. Hivyo Gini ya matumizi huwa ndogo kuliko Gini ya kipato kwa watu wale wale. Brazil hupima kipato, na Gini yake huzidi 0.5; kwa hiyo kusema moja kwa moja kwamba Tanzania ina usawa zaidi kwa sababu ina 0.38 ni kulinganisha vitu viwili visivyo vya aina moja. Afrika Kusini, kwa upande mwingine, inaonekana katika takwimu za Benki ya Dunia ikiwa na 0.63 kwa mwaka 2014, na hiyo imepimwa kwa matumizi, yaani kwa kile kipimo kinachopunguza makali. Hapo ndipo mtu anapoelewa ukubwa wa pengo lililoachwa na ubaguzi wa rangi.

Amua pia "nchi" yako inaanzia wapi na kuishia wapi. Utafiti wa NBS nilioutaja ni wa Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina utafiti wake, unaofanywa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na mmojawapo ulifanyika 2019/20. Ukitaka tarakimu ya Jamhuri ya Muungano, huwezi kuchukua Gini mbili ukazitafutia wastani; itakubidi uziunganishe takwimu ghafi za kaya zenyewe, baada ya kusawazisha bei na miaka, ndipo ukokotoe upya.

Pata takwimu za kaya, au zikusanye

Njia bora ni kuomba takwimu ghafi za utafiti uliokwisha kufanyika, ambamo majina yameondolewa na kila mstari ni kaya. Ukitaka kupima kata au wilaya ambayo utafiti wa taifa haukuifikia kwa kaya za kutosha, itakubidi ukusanye mwenyewe, na hapo fuata utaratibu wa utafiti mkubwa kwa kiwango kidogo. Utafiti wa 2017/18 ulichagua kwanza maeneo 796 ya kuhesabia watu, kisha kaya 12 katika kila eneo, jumla kaya 9,552. Kaya hizo 12 huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka katika orodha iliyohuishwa ya kaya zote za eneo hilo. Usimwachie mwenyekiti wa kitongoji akuchagulie, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, kwa sababu atakupeleka ama kwa wale anaoona wanastahili msaada, ama kwa wale anaojivunia.

Utafiti ule ulidumu kwa miezi 12, Desemba 2017 hadi Novemba 2018, na sababu yake ni msimu. Ukihoji kijiji kizima wakati wa mavuno utakuta maghala yamejaa. Ukirudi Februari utakuta watu wanakula mlo mmoja. Kama huna uwezo wa kukaa mwaka, gawanya kaya zako katika awamu mbili au tatu, na hakikisha kila awamu imegusa vijiji vya aina zote.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya 2007 na 2008 lilifanyika jaribio hapa Tanzania ambapo kaya zipatazo 4,000 ziligawanywa kwa bahati nasibu katika mitindo minane ya kuuliza matumizi: wengine walijaza shajara, wengine waliulizwa wakumbuke siku saba, wengine siku 14, kwa orodha ndefu au fupi ya vyakula. Kaya zilikuwa za maeneo yale yale, lakini makadirio ya umaskini yalitofautiana sana kutoka mtindo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba tofauti imeongezeka au imepungua kati ya miaka miwili, soma kwanza dodoso zote mbili. Katika utafiti wa 2011/12 kaya zilijaza shajara kwa siku 28; katika ule wa 2017/18 zilijaza kwa siku 14. Mabadiliko hayo hayafuti ulinganisho, ila yanamtaka mchambuzi aseme kwa tahadhari.

Halafu kuna suala la vipimo vya sokoni, ambalo mdadisi yeyote aliyewahi kushinda na dodoso juani analijua. Watu hawanunui nyanya kwa kilo, wananunua fungu. Mahindi yanakwenda kwa debe, maharage kwa kisado, viazi kwa gunia la lumbesa ambalo ujazo wake unazidi gunia la kawaida. Nenda soko la eneo husika ukiwa na mizani, pima mafungu kadhaa, uandike uzito na bei, na ufanye hivyo kila eneo, kwa maana fungu la Kariakoo si fungu la Sumbawanga.

Katika kujumlisha matumizi ya kaya, chakula kilicholimwa nyumbani na kilichopewa kama zawadi ni lazima kihesabiwe kwa bei ya soko la karibu. Ukikiacha, utawafanya wakulima waonekane maskini kuliko walivyo na pengo la mjini na kijijini litavimba bila sababu. Anayeishi katika nyumba yake akadiriwe kodi ambayo angelipa. Vitu vya kudumu kama pikipiki, jokofu au televisheni visiingizwe kwa bei yote ya kununulia, kwa sababu mtu aliyenunua pikipiki mwezi uliohojiwa ataonekana tajiri wa muda. Ingiza sehemu ya thamani inayotumika kwa mwaka. Harusi, msiba na matibabu makubwa ya ghafla viweke kando. Kaya iliyouza ng'ombe wawili ili kulipia upasuaji haikuwa na neema mwaka huo.

Kutoka kwenye kaya hadi kwa mtu

Kaya yenye watu tisa na kaya ya mtu mmoja zikitumia shilingi 400,000 kila moja kwa mwezi, haziishi sawa. Ni lazima ugawanye. Njia rahisi ni kugawa kwa vichwa. Njia ya NBS ni kumpa kila mwanakaya uzito wake: mwanamume wa miaka 19 hadi 59 anahesabiwa 1.00, mwanamke wa umri huo 0.88, mwanamke wa miaka 60 na zaidi 0.72, mtoto wa miaka saba au minane 0.64, na mtoto asiyefikia miaka mitatu 0.40.

Chukua kaya ya baba, mama, bibi, mtoto wa miaka minane na mwingine wa mwaka mmoja, inayotumia shilingi 291,200 kwa mwezi. Jumla ya uzito ni 3.64, kwa hiyo kila mtu mzima linganifu, yaani kila uzito wa 1.00, anapata shilingi 80,000. Ukigawa kwa vichwa vitano, kila mmoja anapata shilingi 58,240. Kaya ni ile ile, na tarakimu mbili hizo ziko mbali. Kwa kuwa kaya maskini kwa kawaida zina watoto wengi, mgawanyo wa vichwa huzishusha chini zaidi, na Gini hupanda. Chagua njia moja, iandike, na usiibadilishe katikati ya ulinganisho.

Hapa naomba nisimame kidogo. Njia zote mbili zinachukulia kwamba ndani ya kaya kila mtu anapata fungu lake halali. Tunajua si hivyo. Kuna nyumba ambamo nyama ni ya baba na mchuzi ni wa wengine; kuna nyumba ambamo fedha za pamba alizopalilia mke zinaishia mfuko wa mume. Utafiti wa kaya hauoni pengo hilo, na hivyo Gini ya taifa inaficha sehemu ya tofauti ambayo wanawake na watoto wanaibeba kimya kimya. Ukiwa unabuni dodoso lako, ongeza maswali machache: nani anamiliki shamba, nani anaamua matumizi ya fedha za mavuno, nani alikosa mlo wiki iliyopita. Majibu hayo hayataingia kwenye Gini, lakini yaweke kando yake katika ripoti, ukurasa ule ule.

Baada ya kugawa, sawazisha bei. Chumba, unga na nauli vya Dar es Salaam vina bei tofauti na vya kijiji cha Kasulu, na shilingi 80,000 haziwezi kununua kitu kimoja katika sehemu zote mbili. Tengeneza fahirisi ya bei ya kila eneo kwa kapu lile lile la bidhaa, kisha gawa matumizi ya kila kaya kwa fahirisi ya eneo lake. Kwa kuwa utafiti wa mwaka mzima unakutana pia na mfumuko wa bei, fanya hivyo hivyo kwa miezi.

Mwisho wa maandalizi ni uzito wa sampuli. Kaya moja iliyohojiwa inawakilisha kaya nyingi ambazo hazikuhojiwa. Kama kaya fulani inawakilisha kaya 1,200 na ina watu watano, basi katika hesabu ya watu inabeba uzito wa 6,000. Zidisha uzito wa kaya kwa idadi ya wanakaya, la sivyo utakuwa umepima tofauti kati ya nyumba badala ya tofauti kati ya watu.

Hesabu yenyewe

Tuchukue watu kumi wa mfano, ambao matumizi yao ya mwezi, kwa maelfu ya shilingi na yakiwa yamekwisha kusawazishwa, ni 30, 40, 45, 55, 60, 70, 85, 105, 160 na 350. Jumla ni 1,000 na wastani ni 100. Tazama kwanza kwamba watu saba kati ya kumi wako chini ya wastani. Thamani ya katikati, ambayo nusu ya watu wako chini yake na nusu juu yake, ni 65 tu. Kulinganisha wastani na thamani ya katikati ni kipimo cha haraka ambacho hakihitaji kompyuta, na mara nyingi ndicho ninachokitazama kabla ya kingine chochote.

Sasa wapange kutoka wa chini hadi wa juu na ujumlishe sehemu yao hatua kwa hatua. Mtu wa kwanza ana asilimia 3 ya matumizi yote, wawili wa kwanza wana asilimia 7, kisha 11.5, 17, 23, 30, 38.5, 49, 65, na wote kumi wana asilimia 100. Ukichora asilimia ya watu kwenye mhimili wa chini na asilimia ya matumizi kwenye mhimili wa wima, utapata mkunjo ambao Mmarekani Max Lorenz aliueleza mwaka 1905. Kama wote wangekuwa sawa, ungekuwa mstari mnyoofu kutoka kona hadi kona. Kadiri mkunjo unavyolegea kuelekea chini, ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Uchore kila mara, hata kama hutauchapisha.

Mtaliano Corrado Gini, mwaka 1912, alitoa kipimo ambacho baadaye kilihusishwa na mkunjo huo: eneo lililo kati ya mstari mnyoofu na mkunjo, likigawanywa kwa eneo lote lililo chini ya mstari. Sifuri maana yake wote wako sawa. Moja maana yake mmoja anacho chote. Kwa orodha fupi kama yetu, zidisha kila thamani kwa nafasi yake (30 mara 1, 40 mara 2, mpaka 350 mara 10), jumlisha upate 7,560, zidisha kwa mbili upate 15,120, gawa kwa idadi ya watu mara jumla ya matumizi, yaani 10,000, upate 1.512. Toa 1.1, ambayo ni 11 gawanya kwa 10, na Gini ni 0.412.

Kwa takwimu zenye uzito, njia ya lahajedwali ni hii: panga kaya kwa matumizi ya mtu; tengeneza safu ya sehemu ya watu iliyolimbikizwa na safu ya sehemu ya matumizi iliyolimbikizwa; katika kila mstari toa sehemu ya watu ya mstari uliotangulia kutoka katika ya mstari huo, kisha zidisha jibu kwa jumla ya sehemu mbili za matumizi, ya mstari huo na ya uliotangulia; jumlisha safu yote; toa jibu kutoka katika moja. Ukifanya hivyo kwa watu wetu kumi utapata 0.412 ile ile, na ni vizuri ujaribu njia zote mbili ili uwe na hakika kwamba lahajedwali yako haina kosa.

Gini ina udhaifu wake. Watu wote kumi wakiongezewa mara mbili, Gini inabaki 0.412, ingawa pengo la shilingi kati ya wa juu na wa chini limekua kutoka 320,000 hadi 640,000. Kila mtu akiongezewa shilingi 20,000, Gini inashuka hadi 0.343, ingawa pengo la shilingi halijasogea hata senti. Hayo ni matokeo ya kupima kwa uwiano, na msomaji ana haki ya kuambiwa.

Ndiyo maana nashauri Gini isiende peke yake. Uwiano wa Palma, uliopewa jina la mchumi wa Chile José Gabriel Palma, huchukua fungu la asilimia 10 ya juu na kuligawa kwa fungu la asilimia 40 ya chini. Kwa watu wetu ni 350 gawanya kwa 170, yaani 2.06: mmoja wa juu anatumia zaidi ya mara mbili ya wanne wa chini wakijumlishwa pamoja. Sentensi hiyo inaeleweka kwenye mkutano wa kijiji bila maelezo ya ziada, faida ambayo Gini haina. Lakini Palma nayo haioni katikati. Mhamishie yule wa 60 shilingi elfu kumi kutoka kwa yule wa 105, na Gini itashuka hadi 0.406 ilhali Palma itabaki 2.06.

Matajiri ambao mdadisi hakuwapata

Katika mfano wetu, chukulia kwamba yule wa 350 ana geti, mbwa na mlinzi, na mdadisi alirudishwa mara tatu. Orodha inabaki na watu tisa, na Gini inaanguka kutoka 0.412 hadi 0.277. Katika utafiti wa maelfu ya kaya athari ya nyumba moja haiwi kubwa hivyo, lakini mwelekeo ni ule ule: wa juu kabisa ni wachache, bahati nasibu huwakosa, wakipatikana hukataa, na wakikubali hutaja sehemu. Nchi nyingi hutumia kumbukumbu za kodi kujazia, njia ambayo mchumi Mfaransa Thomas Piketty na wenzake wameieneza. Kwa Tanzania, ambako wengi wanaofanya kazi hawamo katika kodi ya mishahara, kumbukumbu hizo zinawafaa wa juu tu, na ndio hao hao tunaowahitaji.

Kama una makadirio ya kuaminika ya fungu la asilimia 1 ya juu, kuna marekebisho mepesi ya kukaribia ukweli: zidisha Gini ya utafiti kwa moja kutoa fungu hilo, kisha uongeze fungu lenyewe. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba utafiti umetoa 0.38 na asilimia 1 isiyofikiwa ina asilimia 12 ya kipato chote. Zidisha 0.38 kwa 0.88, ongeza 0.12, upate takriban 0.454. Pengo kati ya 0.38 na 0.454 ndilo linaloonyesha ni kwa nini tarakimu ya utafiti wa kaya isomwe kama kima cha chini.

Pengo linatoka wapi

Mpanga mipango akishaambiwa ukubwa wa pengo, swali lake la pili ni kama linatoka kati ya mjini na kijijini au ndani ya kila sehemu. Gini haigawanyiki vizuri kwa makundi. Fahirisi ya Theil, ambayo ni kipimo kingine cha tofauti, inagawanyika. Kwa kila mtu, gawa matumizi yake kwa wastani wa taifa, zidisha jibu kwa logarithimu asilia (LN katika lahajedwali) ya jibu hilo hilo, kisha tafuta wastani wa wote. Kwa watu wetu kumi ni 0.308.

Sasa tuseme wenye 30, 40, 45, 55, 70 na 105 wanaishi kijijini, na wenye 60, 85, 160 na 350 wanaishi mjini. Wastani wa kijijini ni 57.5, wa mjini ni 163.75. Chukua fungu la kila kundi katika matumizi yote, yaani 0.345 na 0.655, lizidishe kwa logarithimu asilia ya uwiano wa wastani wa kundi na wastani wa taifa, kisha jumlisha: unapata 0.132. Maana yake asilimia 43 ya tofauti yote iko kati ya mjini na kijijini, na asilimia 57 imo ndani ya sehemu hizo. Hata ukijenga barabara na shule za kutosha kukifikisha kijiji mahali mji ulipo, sehemu kubwa ya pengo ingebaki, kati ya jirani na jirani.

Kuandika matokeo

Tarakimu itokanayo na sampuli ina kosa lake. Lipime kwa kuchota upya: kutoka katika maeneo yako ya kuhesabia, chota maeneo kwa bahati nasibu huku ukiruhusu eneo moja kurudiwa, mpaka ufikishe idadi ya mwanzo, kokotoa Gini, rudia mara 1,000, kisha tazama mahali zilipo asilimia 2.5 ya chini na 2.5 ya juu. Katika kila tabaka la sampuli, mjini na kijijini, chota peke yake. Usichote kaya moja moja, kwa sababu kaya za eneo moja zinafanana, na ukizichota hivyo utajiona una uhakika usio nao. Mipaka ya miaka miwili ikiingiliana kwa sehemu kubwa, usitangaze kwamba tofauti imepanda au imeshuka.

Usichanganye pia tofauti na umaskini. Kati ya 2011/12 na 2017/18 umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, wakati huo huo Gini katika takwimu za Benki ya Dunia ilipanda kutoka 0.378 hadi 0.405. Anayetaja moja na kuiacha nyingine, kwa upande wowote wa siasa, amesema nusu.

Sentensi ya matokeo basi iandikwe hivi, hata kama ni ndefu na mhariri ataitazama kwa mashaka: "Tofauti ya matumizi kwa mtu mzima linganifu katika wilaya hii, kwa bei zilizosawazishwa na kwa takwimu zilizokusanywa katika awamu mbili za mwaka, ni Gini ya 0.36, ikiwa kati ya 0.33 na 0.39, na asilimia 10 ya juu inatumia mara 1.6 ya asilimia 40 ya chini. Kaya 14 kati ya 480 zilizochaguliwa hazikuhojiwa, na tisa kati ya hizo ziko katika mtaa wenye nyumba za gharama kubwa kuliko zote."

Hizo tisa ziandike ripotini, na uanze nazo utakaporudi.